Maisha ya Louis Braille, Mwalimu na Mpiga Kinanda

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu wa shule na wa kwaya, katika kitabu hiki cha jubilei tunawakumbuka wengi waliofanya kazi juu ya mlima wetu. Pamoja na hao tumependa kuwaletea habari za mtu mmoja ambaye hakukanyaga Kilimanjaro hata siku moja. Jina lake ni Louis Braille. Alikuwa Mfaransa, alikuwa kipofu, alikuwa mwalimu, tena alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Alikufa mwaka 1852, yaani miaka 38 kabla mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu hawajafika Kilema mwaka 1890. Lakini kazi yake inawahusu watoto waliomo leo katika vihamba vyetu, kutoka Rombo hata Kibosho, na katika mji wa Moshi wenyewe.

Maana watu wengi hufikiri hivi: mtoto asiyeona amejaliwa sikio jema, basi awekwe katika kwaya, aimbiwe na wenzake hata aushike wimbo kwa kuusikia, na hilo litamtosha. Mawazo hayo yana huruma ndani yake. Walakini mtoto wa namna hiyo hubaki siku zote nyuma ya mdomo wa mwingine. Akiachwa peke yake hana la kusoma, wala hawezi kuuandika wimbo alioutunga mwenyewe, wala hawezi kumfundisha mwingine ila kwa yale aliyoyakumbuka. Louis Braille hakukubali hali hiyo, na habari za maisha yake ni habari za namna alivyoiondoa.

Mzaha wa gulioni

Imetupasa kwanza kueleza mambo ya nyuma kidogo. Mwaka 1771, kabla Braille hajazaliwa, palikuwa na gulio kubwa mjini Paris. Mwenye kilabu kimoja aliwaleta vipofu kadha wa kadha, akawapandisha jukwaani, akawavika majoho ya kuchekesha na miwani mikubwa ya karatasi ngumu, akawapa fidla wasizojua kuzipiga. Mbele yao akaweka karatasi za nota, kana kwamba wanazisoma. Watu wakaja makundi makundi, wakawacheka.

Katika umati ule alikuwapo kijana mmoja, jina lake Valentin Haüy, umri wake miaka 25. Yeye hakucheka. Moyo wake ulichomwa, akaazimu kwamba mzaha ule ataugeuza kuwa kweli, yaani vipofu wasome hasa. Mwaka 1784 alianza kumfundisha kijana kipofu aliyekuwa akiomba sadaka mlangoni mwa kanisa, na kutokana na mwanzo huo ikapatikana shule ya kwanza ya vipofu katika mji wa Paris. Haüy alichapisha vitabu vya herufi kubwa zilizotuna juu ya karatasi nene, ili vidole viweze kuzipapasa. Muziki pia ulifundishwa huko tangu mwanzo.

Basi Haüy alifungua mlango. Lakini karatasi ya nota iliyowekwa mbele ya wale vipofu wa gulioni, ile waliyochekwa kwayo, ilikuwa bado haijapata mtu wa kuifanya isomeke kwa vidole. Mtu huyo alikuwa hajazaliwa.

Utoto wake

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, upande wa mashariki wa Paris, mwendo wa kilometa 40 hivi. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa kushona hatamu na matandiko ya farasi. Walikuwa na nyumba yao ya mawe na shamba dogo la mizabibu, kama sisi tulivyo na kihamba cha migomba na kahawa. Louis alikuwa kitinda mimba.

Siku moja, alipokuwa na umri wa miaka mitatu, aliingia katika karakana ya baba yake, akashika chombo cha kutobolea ngozi, kile chuma chembamba chenye ncha kali kiitwacho msharasi. Alitaka kufanya kama alivyomwona baba yake akifanya. Chuma kikateleza, kikamchoma jicho. Jicho lile likaoza, na maradhi yakahamia jicho la pili, hata alipotimiza miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Wazazi wake hawakumficha ndani. Baba yake alimpa kazi ndogo ndogo za karakana, na mtoto akazoea kutambua ngozi kwa kuigusa. Padre wa kijiji, jina lake Jacques Palluy, alimfundisha, kisha akamwombea nafasi katika shule ya kijiji, akae pamoja na watoto wanaoona. Mwalimu wa shule hakumkataa. Louis alishika kwa kichwa yote aliyoyasikia, akawa miongoni mwa wanafunzi wa mbele. Lakini wenzake walipofungua vitabu, yeye alikaa kimya, mikono mitupu. Ndipo wakubwa wa kijiji wakamtafutia nafasi katika ile shule ya vipofu ya Paris, naye akaingia tarehe 15 Februari 1819, mwenye umri wa miaka kumi.

Katika shule ya Paris

Nyumba ya shule ilikuwa kuukuu, yenye unyevu, katika barabara ya Saint-Victor. Si mbali na hapo, kwa mtu aendaye kwa miguu, palikuwapo nyumba kuu ya Shirika la Roho Mtakatifu, shirika lile lililowaleta mapadre wa Kilema. Watoto walifundishwa masomo ya akili, kazi za mikono na muziki. Louis alijifunza piano, kinanda, na ile fidla kubwa iitwayo selo, akawa hodari.

Lakini sasa tazameni jinsi walivyofundishwa. Vitabu vya herufi zilizotuna vilikuwa vichache, vikubwa na vizito. Jicho hushika herufi yote kwa mara moja, lakini kidole hakina budi kuizunguka ukingo mzima kabla ya kuijua, na herufi ya mviringo moja hufanana sana na nyingine. Mtoto alipofika mwisho wa sentensi alikuwa amekwisha kusahau mwanzo wake. Tena herufi zile hazikuweza kuandikwa na kipofu mwenyewe. Zilipigwa chapa na watu wanaoona. Na kwa upande wa muziki, mwalimu aliupiga wimbo, nao wakaufuata kwa sikio. Mwalimu akiondoka, wimbo mpya umeondoka naye.

Nukta sita

Mwaka 1821 mtu mmoja aitwaye Charles Barbier, aliyekuwa zamani afisa wa jeshi, alileta shuleni maandishi ya nukta zilizotuna. Kila alama yake ilikuwa na nafasi za nukta kumi na mbili, katika safu mbili za nukta sita sita. Wanafunzi waliona mara kwamba nukta husomeka kwa kidole kuliko mistari. Walakini maandishi yale yalikuwa na kasoro: alama ilikuwa ndefu kupita ncha ya kidole, iliandika sauti tu bila tahajia, haikuwa na vituo wala tarakimu, wala haikuwa na muziki.

Louis alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Tangu hapo alitumia saa zake za faragha akitoboa karatasi, usiku shuleni, na wakati wa likizo nyumbani kwao Coupvray. Chombo alichotumia kilikuwa ndugu wa ule msharasi uliompofua. Alipotimiza miaka 15, mwaka 1824, alikuwa amekwisha kupata njia yake. Alipunguza nukta kumi na mbili, akaacha sita tu, yaani safu mbili za nukta tatu tatu. Sita hizo huenea chini ya ncha ya kidole kimoja, bila kidole kuhangaika juu na chini. Kwa kuzipanga kwa namna mbalimbali hupatikana alama 63, nazo zatosha kwa herufi, vituo, tarakimu na mengineyo.

Kipofu huandika kwa kibao chenye vidirisha vidogo na kalamu ya chuma. Huanza upande wa kuume kwenda kushoto, maana nukta hutuna upande wa pili. Akiigeuza karatasi husoma kutoka kushoto kwenda kuume, kama sisi sote. Hivyo mtu asiyeona aliweza kuandika neno na kulisoma tena yeye mwenyewe.

Nota za muziki

Mwaka 1829 Braille alitoa kitabu cha kueleza njia yake. Jina la kitabu hicho lastahili kuangaliwa na kila mwalimu wa kwaya, kwa kuwa lilitaja mambo matatu: maneno, muziki, na wimbo wa kanisa, ule wimbo wa Kilatini uitwao wa Gregori. Muziki haukuwa nyongeza iliyokuja baadaye. Tangu mwanzo kijana huyu aliona kwamba kipofu mwenye herufi lakini hana nota amepewa nusu ya haki yake. Katika kitabu hicho hakusahau kumshukuru Barbier. Kisha akaendelea kuzitengeneza nota, kwa kuwa zile za kwanza hazikumridhisha. Na rafiki yake Gabriel Gauthier, naye kipofu na mpiga kinanda, alikuwa mwenzake katika muziki shuleni humo.

Wasomaji watapenda kujua jinsi nota hizo zilivyo, kwa kuwa zingali zikitumika hadi leo. Hazina ile mistari mitano tuliyoizoea. Nukta sita huhesabiwa hivi: safu ya kushoto ni 1, 2 na 3 kutoka juu, na safu ya kuume ni 4, 5 na 6. Nukta nne za juu hutaja jina la nota, na mbili za chini, yaani ya 3 na ya 6, hutaja urefu wake. Kwa mfano, do ni nukta ya 1, ya 4 na ya 5. Zikiwa peke yake, ni nota fupi, sehemu ya nane. Ukiongeza nukta ya 6, ni nota ya robo. Ukiongeza ya 3, ni nota ya nusu. Ukiongeza zote mbili, ni nota nzima. Alama nyingine hutangulia, kuonyesha kama do hiyo ni ya chini au ya juu. Basi kidole kikigusa mara moja tu, kimepata jina la nota na urefu wake pamoja.

Mpiga kinanda asiyeona husoma kwa mkono mmoja huku akipiga kwa mkono wa pili, kisha hubadili. Akiisha kuushika wimbo kwa kichwa, huunganisha mikono yote miwili. Ni kazi ya subira. Lakini mwimbaji wa kwaya ana nafuu, maana vidole vyake viko huru: aweza kusoma na kuimba pamoja na wenziwe.

Mwalimu kati ya wanafunzi

Braille hakuondoka shuleni pale. Alipokwisha kusoma, alifanywa msaidizi wa walimu, na mwaka 1833 akawa mwalimu kamili. Alifundisha sarufi, hesabu, historia, jiografia na muziki. Tangu mwaka 1834 alipiga kinanda katika kanisa la Saint-Nicolas-des-Champs mjini Paris, kazi aliyoishika kwa miaka kadha. Waliokuwa wakisali mle walisikia nyimbo zikienda sawasawa, na mpigaji hakuwa kitu cha kutazamwa kwa mshangao. Alikuwa mtumishi wa ibada, akilipwa ujira wake kama wengine.

Alikuwa mtu wa maneno machache, mpole, asiyependa kusifiwa. Waandishi wa maisha yake husimulia kwamba aliwakopesha fedha wanafunzi wake waliokuwa na shida, na alipokaribia kufa aliagiza sanduku moja dogo lichomwe bila kufunguliwa. Watu wakalifungua, wakaona limejaa hati za madeni ya wanafunzi, ambayo hakutaka yadaiwe tena.

Nukta zakatazwa

Sasa twafika mahali pa huzuni. Mwaka 1840 shule ilipata mkuu mpya, jina lake Dufau. Mkuu huyu hakuwa adui wa vipofu. Alitaka wasitengwe na watu wanaoona. Aliona kwamba nukta ni maandishi yasiyojulikana na wanaoona, hata walimu wenyewe hawawezi kuyasoma. Kwa sababu hiyo aliamuru shule irudie herufi zilizotuna, akayapiga marufuku maandishi ya Braille, na vitabu vya nukta vikachomwa moto.

Walimu wenzetu, neno hili tulitafakari kwa makini. Herufi zilizotuna zilipendeza macho ya mwalimu. Akifungua kitabu aliweza kumsahihisha mwanafunzi bila taabu. Lakini kitabu hakikuwekwa kwa ajili ya macho ya mwalimu. Kiliwekwa kwa ajili ya vidole vya mtoto. Wahenga walisema kuwa mwenye macho haambiwi tazama, na walimu wale walikuwa na macho. Walakini hawakutazama jinsi watoto walivyochoka juu ya herufi zisizowafaa.

Watoto hawakuacha nukta. Waliandikiana kwa siri, wakubwa wakawafundisha wadogo, hata ikadhihirika kwamba amri haiwezi kuwanyang'anya kitu walichokwisha kuonja. Msaidizi wa mkuu, Joseph Guadet, akayaona hayo, akamshawishi mkubwa wake. Shule ilipohamia jengo jipya na kulizindua mwezi wa Februari 1844, maandishi ya nukta yalielezwa mbele ya wageni, na watoto wakaonyesha wazi jinsi wanavyoyaandika na kuyasoma. Dufau mwenyewe aliyakubali. Ni jambo la kumsifu, maana si kila mkubwa huweza kurudi katika njia aliyoifunga kwa mkono wake.

Kufa kwake na yaliyofuata

Tangu mwaka 1835 hivi Braille alikuwa na kifua kikuu. Alipumzika mara kwa mara kijijini kwao, akarudi kufundisha, akadhoofika tena. Hata hivyo alibuni njia ya pili ya kuandika kwa nukta, ambayo huunda umbo la herufi za kawaida, ili kipofu aweze kuwaandikia barua wazazi na marafiki wanaoona. Basi lile jambo jema alilolitaka Dufau, yaani vipofu wasitengwe, Braille alikuwa amelitafutia njia bila kumnyang'anya mtoto nukta zake.

Alikufa tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43, akazikwa kwao Coupvray. Magazeti ya Paris hayakuandika neno. Mwaka 1854 nukta zake zikakubaliwa rasmi katika Ufaransa. Mwaka 1878 mkutano wa mataifa uliofanyika Paris ukazichagua ziwe maandishi ya shule za vipofu, na mwaka 1888 wajumbe waliokutana Köln, Ujerumani, wakapatana juu ya namna moja ya kuandika nota za muziki, ili wimbo ulioandikwa nchi moja usomeke nchi nyingine.

Matunda ya kazi hiyo yalisikika katika makanisa makubwa. Louis Vierne, aliyezaliwa na uoni hafifu sana, alisoma katika shule ileile ya Paris, akawa mpiga kinanda wa kanisa kuu la Notre-Dame tangu mwaka 1900 hata alipofia kwenye kinanda chake mwaka 1937. Jean Langlais, kipofu tangu utoto, alisoma huko na kisha akafundisha huko kwa muda wa miaka arobaini hivi. Naye alitunga Misa na nyimbo nyingi. Watu hao hawakuimbishwa tu. Walisoma, wakatunga, wakafundisha.

Mwaka 1952, miaka mia baada ya kufa kwake, mwili wa Braille ulihamishwa kwa heshima ukawekwa katika Panthéon, jengo wanamozikwa wakuu wa Ufaransa. Lakini mikono yake watu wa kijiji waliomba ibaki kwao, na imo Coupvray hadi leo. Tangu mwaka 2019 Umoja wa Mataifa huadhimisha tarehe 4 Januari, siku aliyozaliwa, kuwa Siku ya Braille ya Dunia.

Katika nchi yetu

Katika Tanganyika shule ya kwanza ya wasioona ilifunguliwa na misheni ya Kianglikana huko Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Kwetu mjini Moshi iko shule ya msingi ya Mwereni, ambako watoto wasioona husoma pamoja na wenzao wanaoona. Kwa hiyo nukta sita si kitu cha mbali tena. Zimekwisha kufika chini ya mlima. Lililobaki ni kuzipandisha mpaka kwenye vigango na madarasa yetu.

Tungependa kuwashauri walimu wenzetu mambo machache.

La kwanza, mwalimu anapoandikisha watoto wa shule au wa mafundisho, aulize katika kila nyumba kama yuko mwingine ambaye hakutajwa. Wazazi wengine huwaficha watoto wasioona, si kwa kuwachukia, bali kwa kuogopa wasiumie njiani, penye mifereji na makorongo, au kwa kuona haya. Mzazi wa namna hiyo asikaripiwe. Aelezwe habari za yule fundi wa Coupvray, aliyempa mwanawe asiyeona kazi katika karakana ileile aliyoumia.

La pili, samaki mkunje angali mbichi. Vidole vya mtoto mdogo hujifunza nukta kwa wepesi kuliko vya mtu mzima. Asingojeshwe hata amekuwa mkubwa. Na mwalimu anayeona aweza kuzijifunza alama hizo kwa macho katika muda usio mrefu, ili wimbo wa Jumapili uandikwe kwa mtoto kama unavyoandikwa kwa wenzake. Makwaya yasomayo nota kwa herufi, yaani d, r, m na nyinginezo, yana wepesi zaidi, kwa kuwa herufi ni zilezile za maandishi ya nukta. Yatakiwa karatasi nene, kibao na kalamu yake tu.

La tatu, mtoto huyo apewe wimbo wake mapema, siku kadha kabla ya mazoezi, maana kusoma kwa kidole na kushika kwa kichwa huhitaji muda. Akichelewa, asihesabiwe mzito. Wanakwaya wengine hutazama karatasi mpaka siku yenyewe. Yeye amekuja na wimbo wote moyoni.

La nne, akiisha kujua, apewe kundi la kufundisha. Wako wanaomweka mtoto asiyeona mbele ya kwaya ili watu waone huruma na sadaka iongezeke. Jambo hilo lina harufu ya lile gulio la mwaka 1771, ijapokuwa hakuna anayecheka. Heshima ya kweli ni kumpa kazi: asomeshe sauti ya tatu au ya nne, ashike kinanda, asahihishwe akikosea, na asifiwe akifanya vema kama mwingine yeyote.

Na kipimo hiki kinafaa kwa watoto wengine pia: yule asiyesikia, ambaye hupokea mapigo ya ngoma kwa viganja vyake akiigusa, na yule aliye mzito wa kushika mambo, ambaye huhitaji wimbo mfupi uliorudiwa mara nyingi. Kwa kila mmoja wao mwalimu na ajiulize kama njia anayoitumia inampendeza yeye mwenyewe au inamfaa mtoto.

Louis Braille hakuacha mali, wala hakuishi hata kuona kazi yake ikitambuliwa rasmi. Aliacha nukta sita, na mtoto yeyote anayezijua aweza kufungua kitabu cha nyimbo bila kungoja mdomo wa mtu. Jubilei hii na ituongezee watoto wa namna hiyo katika kwaya zetu, na baada yao walimu waliotoka miongoni mwao.